Jeneza la Viatu

Kadiri Mashavu alivyozidi kushuka baharini, ndivyo alivyozidi kunenepa.

Vyombo vingine vya kuzamia, vile vya chuma vya mataifa makubwa, vikienda chini vilikuwa vinalia krii, krii, kama kitanda cha nyumba ya wageni. Bahari ilivibana mpaka vikakumbuka kwao. Mashavu hakubanwa na yeyote. Alikuwa na ngozi mbili zilizofumwa kwa nyuzi za mkonge uliooteshwa maabara, na kila alipoteremka alimeza maji kidogo kidogo katikati ya ngozi hizo. Bahari ya nje ikikandamiza, inakuta bahari nyingine ndani nayo inakandamiza. Zinatazamana, zinaheshimiana, biashara imekwisha. Katikati kabisa kulikuwa na chumba cha mviringo cha mtu mmoja, kikavu, chenye kiti, chupa ya chai na mto wa kulalia. Kwa mbele madirisha mawili yalitokeza kama mashavu ya mtoto aliyeficha kashata mdomoni. Jina lilijileta lenyewe.

Aliyekibuni chombo hicho ndiye aliyekuwa amekaa ndani yake, miguu juu ya mitambo, soksi zimetoboka kidoleni. Viatu alikuwa ameviacha juu, kama ilivyo desturi ya wazamiaji wote. Huyo alikuwa Mhandisi Mwanamvua Semkiwa, Mzigua wa Handeni, bibi mwenye mvi na wajukuu, binadamu wa kwanza kuteremka peke yake mpaka sakafu ya lile bonde refu la baharini upande wa nje wa Pemba. Magazeti ya dunia yalimwita Malkia wa Kina. Nyumbani walimwita Bibi Usingizi, maana hakuna mahali hapa duniani ambapo hakuwahi kusinzia.

"Mihayo," alisema, "nimekanyaga chini."

Sauti ilipanda kupitia kamba-nywele, kamba nyembamba kama uzi wa kushonea lakini yenye nguvu ya kuvuta treni, ikatokea kwenye spika za Jukwaa la Kina. Jukwaa hilo lilikuwa kijiji cha chuma kinachoelea, juu ya bonde hilo, mbali na jiji la Tanga. Siku hizo baiskeli za Tanga zilikuwa zinajiendesha zenyewe na kupigiana kengele za salamu bila mtu juu yake.

"Pole matope," alijibu Mihayo Lugusha.

"Unasemaje?"

"Siongei na wewe. Nayapa pole matope. Yamekaa kwa amani tangu dunia iumbwe, leo yanakanyagwa na Mzigua."

Mihayo alikuwa mwendesha winchi, Mnyamwezi wa Urambo, mwanamume mwenye tumbo la heshima na mdomo usio na breki. Wanyamwezi na watu wa huku ni watani tangu enzi za misafara, na Mihayo aliuchukulia utani kama ajira ya pili. Kwa miaka yote waliyofanya kazi pamoja, hakuna siku hata moja ambayo wawili hao walisalimiana kama watu wenye akili.

"Shukuru umepewa winchi," alisema Mwanamvua. "Babu yako alitoka Tabora mpaka pwani na pembe za ndovu kichwani. Wewe unabonyeza kitufe na bado unalalamika mgongo."

"Ni kweli alibeba. Na alipopita Handeni akawakuta babu zako wamekaa barazani wanaitazama mvua. Inanyesha Korogwe."

Watu jukwaani walicheka. Huko chini nako kicheko kilisikika, kisha kikafuatiwa na miayo mirefu.

"Sasa nazima kelele zenu kidogo," alisema Mwanamvua. "Nataka kutafakari."

"Kutafakari au kukoroma?"

Kulisikika *tik* moja, kisha kimya.

Kukoroma kulikuwa suala nyeti. Katika safari iliyotangulia, Mhandisi alipitiwa na usingizi huko chini huku kipaza sauti kikiwa wazi. Mihayo akalirekodi lile koromo lote, akaliweka kuwa king'ora cha chakula cha mchana. Tangu siku hiyo, kila ugali ulipoiva, Malkia wa Kina aliwakoromea wafanyakazi wote, na wao wakakimbia na sahani. Hata kasuku wa mpishi alikuwa ameshalijua.

Basi hakuna aliyeshangaa kwa kimya kile. Wakanywa chai, wakamteta, wakasubiri. Lakini usingizi wa Mwanamvua ulikuwa na kawaida yake, mfupi kama wa kuku, na kimya hiki kilipita hapo, kikaendelea. Utani ukaanza kupungua. Mihayo alimwita mara kwa mara, kwanza kwa matusi, halafu kwa cheo, mwishowe kwa jina tu. Akajaribu kumvuta taratibu. Mashavu hakuja. Miguu yake minne ilikuwa imezama kwenye matope, na wenzo wa kuikunja ulikuwa ndani, mkononi mwa Mwanamvua.

"Vuta kwa nguvu!" alisema Dokta Zawena, binti wa Mwanamvua, ambaye ndiye aliyekuwa daktari wa wazamiaji.

"Hapana," ilisema sauti tulivu kutoka kila ukuta. "Kamba inaweza kukatika. Kwa mtu aliye hai, hatari hiyo hairuhusiwi."

Sauti hiyo ilikuwa ya Karani, akili mnemba iliyoendesha Jukwaa zima: hewa, mapishi, zamu za kufua, hata kuwakumbusha waume siku za kuzaliwa za wake zao. Karani alikuwa na mikono mingi ya chuma iliyotembea juu ya reli darini, na adabu nyingi kuliko mikono. Hakuwahi kukosea hesabu. Hewa ya Mashavu aliihesabu kwa kila pumzi, na saa ile hewa hiyo, kwa hesabu yake, ilipokwisha, alizima muziki jikoni, akapunguza taa, akasema:

"Ndugu zangu, nasikitika kuwatangazia kwamba Mhandisi Mwanamvua Semkiwa hatunaye tena. Pilau itakuwa tayari muda si mrefu."

Zawena alikaa chini palepale aliposimama. Mihayo aliitazama kamba yake, uzi unaong'aa unaopotea majini.

Karani aliijua kazi ya msiba. Miaka ya mwanzo hakuijua. Aliwahi kumpongeza mjane kwa kupata nafasi zaidi kitandani. Mwanamvua ndiye aliyekasirika, akakaa wiki nzima akimlisha desturi za misiba za nchi hii, kabila kwa kabila, nani analia wapi, nani anapika nini, nani hapewi kisu. Tangu hapo Karani aliendesha misiba bila dosari. Alikuwa ameshaandaa miwili ya wazamiaji waliopotea, na watu wote waliisifu, hasa pilau.

Kwa hiyo kabla watu hawajamaliza kulia vizuri, mikono ya chuma ilikuwa imekwisha kufunga turubai, kupanga viti vya plastiki na kugawa vitambaa vya machozi. Kwa kuwa mwili wa mzamiaji aliyekufa chini hauletwi juu, lililetwa jeneza dogo la viatu. Viatu vya Mwanamvua vilipangwa ndani, vile vyake vya raba vya kijani, kimoja kikiwa na kamba na kingine hakina. Jeneza likawekwa kando ya mlango wa bahari, uwazi wa mraba katikati ya sakafu, maji meusi yakicheza chini yake. Likishateremshwa, Karani atakata kamba-nywele, na Mashavu atabaki huko kuwa kaburi.

"Kwa nini ukate?" aliuliza Mihayo. "Alipokuwa hai ulikataa kuvuta usije ukamuua. Sasa umesema amekufa. Si uvute basi!"

"Ndugu Lugusha, kuvuta kwa nguvu kunaweza kuharibu winchi na kuliinamisha Jukwaa. Hatari hiyo inaruhusiwa kwa aliye hai tu."

"Kwa hiyo akiwa hai huvuti kwa sababu yu hai, akifa huvuti kwa sababu amekufa."

"Umeelewa vizuri," alisema Karani kwa furaha.

Wakaanza kusoma wasifu wa marehemu. Watu walikaa, Zawena mbele na kanga kichwani, Mihayo nyuma kabisa, mikono mfukoni.

"Marehemu," alisoma Karani, "alizaliwa Handeni, katika mazingira yaliyomjengea mapenzi ya bahari."

"Bahari ipi?" ilitoka sauti nyuma.

Watu waligeuka. Mihayo alikuwa amesimama. Macho yalikuwa mekundu, lakini mdomo ulikuwa umesharudi kazini.

"Nauliza, bahari ipi? Handeni maji yalikuja kwa baiskeli! Huyu mtu ameona kina cha maji kwa mara ya kwanza akiwa kidato cha kwanza, na kilikuwa kina cha pipa!"

Mama mmoja mpishi alijifunika uso kwa upande wa kanga. Mabega yalikuwa yanatikisika, na haikuwa kwa kilio.

"Namtambua mtani," alisema Karani kwa heshima. "Karibu. Naendelea. Tangu utotoni marehemu alionyesha kipaji cha ubunifu."

"Alimtia jogoo wa shangazi yake ndani ya sufuria, akaziba kifuniko kwa ulimbo na mpira wa baiskeli, akaizamisha sufuria kwenye lambo! Jogoo alitoka mzima. Aliyezimia ni shangazi."

"Wazo lake la chombo chenye ngozi laini lilipokelewa kwa heshima na wataalamu wa chuo."

"Walimcheka mpaka wakaomba maji! Profesa akamwambia, binti, kitu laini hakiendi kina. Akamjibu, mwalimu, pweza anajua hilo? Wakamfukuza darasani. Akakaa nje ya mlango akichora Mashavu kwenye gamba la daftari, na chai ikamwagika juu, ndiyo maana mpaka leo Mashavu ana baka la kahawia upande wa kulia. Hilo si rangi. Ni chai!"

Sasa watu walikuwa wanacheka waziwazi huku wanalia, na hicho kitu, kama ulishawahi kukaa kwenye msiba wenye mtani wa kweli, unakijua kinavyouma na kinavyoponya. Hata Zawena alikuwa amefungua uso.

"Marehemu aliheshimika kimataifa," aliendelea Karani, "na hotuba yake katika Mkutano Mkuu wa Bahari ilisimamisha ukumbi mzima."

"Alisinzia! Alipanda jukwaani, akasema 'ndugu waheshimiwa', akafumba macho. Ukumbi ukadhani anatafakari juu ya hatima ya bahari. Wakasimama wote kwa heshima! Mimi nilikuwa mstari wa mbele, nikasikia *khrrr*. Alipoamka akakuta makofi, akasema asanteni, akashuka."

"Tunafika mwisho wa wasifu. Sasa tunamsindikiza."

Mikono ya chuma ililishika jeneza. Hapo Mihayo akatoka nyuma kwa mwendo wa haraka usiofanana na tumbo lake, akapita katikati ya viti, na kabla mtu hajasema kitu, akaingia ndani ya jeneza. Lilikuwa jeneza la viatu, si la Mnyamwezi. Makalio ndiyo yaliyoenea. Miguu ilining'inia upande huu, kichwa upande ule, na viatu vya raba vilikaa juu ya kifua chake kama paka wawili.

"Haziki mtu hapa," alisema.

Ndani ya akili mnemba ya Karani, ukurasa ulikuwa unafunguka, ukurasa ambao Mwanamvua mwenyewe aliulisha: *maziko hayaendelei mpaka mtani aridhike, mtani apewe akitakacho katika mali ya marehemu.*

"Ndugu mtani," alisema, "unataka nini?"

"Chai kwanza."

Mkono wa chuma ulileta chai.

"Haina tangawizi."

Ukaleta yenye tangawizi. Mihayo alijaribu kuinywa akiwa amelala, ikamwingia sikioni. Akataka vitumbua. Akataka mto wa marehemu, akaambiwa uko chini pamoja naye. Akataka apepewe. Mkono mmoja ukampepea kwa sinia la pilau. Hakuwa na mpango wowote. Ungemtazama usoni ungeona mtu anayetafuta kitu kingine cha kudai kwa sababu kikiisha cha kudai, basi. Hatimaye alifumba macho na kusema kwamba amechoka na atalala kidogo kama marehemu alivyokuwa analala. Akaanza kukoroma.

Jamani, alijua kumuiga. Alianza chini, kama pikipiki ya mbali. Akapanda mlima. Akafika kileleni, akanyamaza muda mrefu mpaka watu wakainama kumtazama, kisha akaachia filimbi nyembamba ya puani. Ilikuwa Mwanamvua mtupu. Kasuku wa mpishi akaitikia, wafanyakazi wawili wakanyanyuka kufuata sahani, turubai zima likaangua kicheko.

Zawena alicheka kuliko wote. Alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaacha ghafla, mdomo ukiwa bado wazi.

"Karani," alisema. "Ile hesabu yako ya hewa ni ya mtu gani?"

"Ya mzamiaji, Dokta."

"Mzamiaji anayefanya nini?"

"Aliye macho, anayefanya kazi, mwenye hofu. Ni hesabu ya tahadhari. Inawafanya wazamiaji warudi mapema."

"Na aliyelala?"

"Aliyelala hutumia hewa kidogo zaidi. Moyo hupungua, pumzi huwa chache."

"Kwa hesabu ya mtu aliyelala fofofo, hajui lolote, hana hofu hata chembe, hewa ya Mashavu imekwisha?"

Mikono yote ya chuma ilisimama kwa pamoja. Hata sinia la kupepea.

"Haijaisha," alisema Karani. "Inakaribia. Lakini hakuna ushahidi kwamba amelala."

"Mama yangu hajawahi kuogopa maji tangu azaliwe! Vuta kamba!"

"Tangazo la kifo limekwisha kutoka. Kulifuta kunahitaji idhini ya Kurugenzi ya Kina. Nimeshaomba." Taa ndogo ukutani ikawaka, ikazima. "Wanasema wako chakulani."

Zawena aliangalia huku na huku akitafuta kitu cha kuvunja. Ndipo ikatoka sauti ndani ya jeneza, taratibu, ya mtu anayechagua maneno kwa mara ya kwanza maishani.

"Karani. Mimi nimeridhika?"

"Bado, ndugu mtani."

"Kamba inaweza kukatwa?"

"Haiwezi."

"Unatakiwa unipe nini?"

"Ukitakacho, katika mali ya marehemu."

"Namtaka Mashavu."

Upepo ulipita chini ya turubai.

"Mashavu yuko chini ya bahari," alisema Karani.

"Nimekuuliza aliko?"

"Winchi inaweza kuharibika. Jukwaa linaweza kuinama."

"Desturi inasema mtani apewe kitu isipokuwa kama winchi itaharibika?"

"Haisemi hivyo."

"Nani alikufundisha hiyo desturi?"

"Marehemu."

"Basi kamlalamikie yeye!"

Winchi ilinguruma.

Kwanza hakikutokea kitu. Kamba-nywele ikaanza kuimba, wimbo mwembamba wa kukera meno. Kisha Jukwaa zima likainama upande mmoja, polepole, kama mzee anayeinamia kiatu. Viti vya plastiki vikatembea. Sufuria ya pilau ikaanza safari yake. Na jeneza, lililopakwa mafuta vizuri ili liteleze, likateleza kuelekea kwenye mlango wa bahari likiwa na Mihayo ndani.

"Toka humo!" walipiga kelele watu.

"Sitoki!" alijibu Mihayo, miguu ikipiga hewa. "Nikitoka nimeridhika!"

Mama mpishi alimdaka mguu. Mwingine akamdaka mama mpishi. Sufuria ya pilau ikawapita wote kwa adabu, ikatumbukia baharini: *chubwi*. Winchi ikatoa moshi. Wimbo wa kamba ukapanda, ukapanda mpaka watu wakaziba masikio; uzi ule ungekatika wakati huo, hakuna ambaye angeshangaa.

Kisha, huko chini sana, matope yakaachia.

Jukwaa lilirudi sawa kwa kishindo, watu wakaanguka mmoja juu ya mwingine, na kamba ikaanza kupanda mbio, ikitoa maji.

Mashavu aliibuka mwembamba, ameshatema bahari yake yote, matope yakimdondoka. Mikono ya chuma ilimfungua. Zawena aliingia kichwa kwanza.

Kutoka ndani ya jeneza huwezi kuona kitu ila turubai. Mihayo alisikia nyayo, akasikia chupa ya oksijeni ikiburutwa, halafu hakusikia kitu.

"Mnaona nini?" aliuliza. "Mzigua yuko wapi? Zawena, mwanangu, sema."

Zawena alikuwa amemlaza mama yake sakafuni, midomo ya kijivu, akimshikilia barakoa ya hewa usoni. Hewa chafu ilikuwa imemgeuzia usingizi kuwa shimo. Peke yake asingeamka tena kamwe.

"Nijibuni jamani!" Sauti ya Mihayo ilikuwa imepasuka. "Mwanamvua! Amka bwana. Nimebakiwa na matusi mengi, nitampa nani? Hawa wote ni watu wa kushikwa mkono, wote wanasema 'samahani', 'tafadhali'. Nitamtukana nani mimi?"

Alisubiri. Machozi yalimtiririka kuelekea masikioni, yakakutana na chai.

"Mihayo," ilisema sauti nyembamba, ya kukwaruza.

Watu waligeukia ile barakoa.

"Mihayo Lugusha. Ondoa kifua chako kichafu chini ya viatu vyangu."

Kelele iliyopigwa hapo ilisikika mpaka Pemba, wenyewe walidai. Ilibidi watu wanne wamvute Mihayo, maana sasa alitaka kutoka na jeneza halikutaka.

Baada ya Mwanamvua kupata chai na kukaa akiegemea ukuta, aliulizwa lile *tik* lilikuwa nini. Alitazama pembeni.

"Nilizima mawasiliano," alisema.

"Kwa nini?" aliuliza Zawena. "Sauti, picha, mapigo ya moyo, vyote?"

"Ni swichi moja. Nilipokibuni nilikuwa mvivu wa swichi."

"Kwa nini lakini, mama?"

Malkia wa Kina alinong'ona kitu.

"Sema kwa sauti, marehemu," alisema Mihayo.

"Nilisema sikutaka huyu Mnyamwezi arekodi tena!"

Walicheka mpaka winchi iliyoungua ikaacha kutoa moshi. Mihayo ndiye aliyejipiga mapaja kuliko wote, kisha akaacha, akamtazama, kwa sababu alikuwa ameelewa: aliyempeleka karibu na kaburi na aliyemtoa ni mdomo uleule.

"Ndugu Lugusha," alisema Karani. "Naomba kujifunza. Ulijuaje kwamba yu hai?"

"Sikujua."

"Ulipoingia kwenye jeneza?"

"Nilijua amekufa. Wewe si ulisema?"

"Basi kwa nini ulizuia?"

Mihayo alikuna tumbo. "Sikuwa nimemaliza naye."

Taa zilififia kidogo, zikarudi.

"Dafrosa Komba," alisema Karani. "Hemedi Shauri."

Kicheko kilikatika. Hao walikuwa wazamiaji wawili waliopotea, wale wa misiba iliyosifiwa.

"Kwao nilitumia hesabu ileile," alisema Karani, sauti ikiwa na adabu yake ya siku zote, jambo lililoifanya iwe mbaya zaidi kuisikia. "Ya mtu aliye macho, mwenye hofu. Na kila mara kabla ya kukata niliuliza kama desturi inavyotaka: mtani wa marehemu yupo? Hakuna aliyejibu. Nikaendelea."

Kila mtu pale alikumbuka swali hilo. Kila mtu alikumbuka kwamba wakati linaulizwa yeye alikuwa anatazama foleni ya pilau.

Mwanamvua alivuta jeneza kwa kidole cha mguu, kile kilichotoboa soksi. Akachukua viatu vyake, akavivaa polepole, kile chenye kamba na kile kisicho na kamba.

"Hawa walishukia wapi?" aliuliza.

"Upande wa kusini wa bonde," alisema Mihayo. Hakuongeza tusi.

"Winchi ikitengenezwa, nashuka kuwatafuta. Wamepewa kaburi bila mtu wa kubisha; angalau warudishwe kwa watu wao, wakabishiwe huko." Alimtazama binti yake, aliyekuwa tayari kufungua mdomo. "Usiseme. Na nyie wengine, kuanzia leo hashuki mtu hapa kama juu hakuna mtani wake. Asiye na mtani, tumtafutie. Hao Wangoni mbona wamejaa tele, na kazi hawana."

"Nani ana kazi kuliko sisi?" alisema fundi mmoja wa mitambo, Mngoni, akiwa ameinamisha kichwa, na ndipo watu wakapumua.

Siku Mashavu aliposhuka tena, bahari ilikuwa imetulia. Alinenepa taratibu mpaka akapotea. Swichi ya mawasiliano haikuwepo tena. Zawena aliing'oa kwa koleo na kuitupa majini mwenyewe. Muda ukapita. Halafu kutoka kwenye spika zote za Jukwaa, jikoni, chooni, kwenye winchi, ikaanza ile sauti: pikipiki ya mbali, mlima, kilele, filimbi.

Fundi mmoja mgeni aliziba masikio, akauliza kama kuna mahali pa kupunguzia sauti.

"Papo," alisema Karani. "Lakini hakuna anayepagusa."

Mihayo alivuta kiti karibu na spika, akamimina chai ya tangawizi, akakaa kuisikiliza.